Je, Kazi Yatosha Kuwa Sala?

Alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai katika Nyanda za Juu za Kusini si saa ya mchezo. Baridi ya Mbeya, ya Mufindi na ya Makete huingia mpaka ndani ya mifupa. Hata hivyo, kabla jua halijachomoza, watu wamekwisha kuamka. Akina mama wa soko la Mwanjelwa wanapanga viazi na mboga zao. Wachuma chai wa Mufindi na wa Rungwe wamekwisha kujitwika vikapu mgongoni. Vijana wa bodaboda wanangoja abiria huku wakijikunyata. Madereva wa malori yaendayo Tunduma wamewasha injini. Walimu na wauguzi wako njiani. Yeyote asemaye kwamba watu wetu ni wavivu, na aje ajionee kwa macho yake.

Watu hao twawasifu, na tena twawaheshimu. Lakini liko neno moja tulisikialo mara kwa mara miongoni mwao, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu juma hili. Ukimwuliza Mkristu habari za sala zake, jinsi anavyosali asubuhi na jioni, jinsi anavyoitunza Dominika, mara nyingi atakujibu hivi: "Nafasi sina. Lakini Mungu anajua. Kazi yangu ndiyo sala yangu."

Neno hilo lina sura njema, na asemaye hulisema kwa moyo mweupe. Walakini hatuna budi kulipima, maana neno lenye nusu ya kweli laweza kumpoteza mtu mbali kuliko uongo mtupu. Uongo mtupu hujulikana upesi. Nusu ya kweli hukaa nasi nyumbani kama ndugu.

Tuanze na ile nusu iliyo kweli. Bwana wetu Yesu Kristu aliishi miaka mingi Nazareti akiitwa seremala, kabla hajahubiri mbele ya makutano. Mikono iliyowaponya wagonjwa ndiyo iliyoshika randa na msumeno. Basi nani atathubutu kusema kwamba jembe, kikapu cha chai au usukani wa lori ni vitu visivyomhusu Mungu? Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1964, ulifundisha wazi kwamba kazi za kila siku za walei, maisha yao ya nyumbani, hata mapumziko yao na taabu wazivumiliazo, vyote vyaweza kuwa sadaka ya kiroho impendezayo Mungu.

Lakini Mtaguso haukuishia hapo, nasi tusiishie hapo. Ulifundisha kwamba sadaka hizo hutolewa kwa Baba katika adhimisho la Ekaristi, pamoja na Mwili wa Bwana. Maana yake ni nini? Sadaka haiwi sadaka kwa kuwapo tu. Huwa sadaka inapotolewa. Mkulima mwenye magunia 20 ya mahindi ghalani hajatoa sadaka hata punje moja, mpaka siku atakapochukua sehemu yake na kuipeleka altareni. Kadhalika na kazi. Aliyefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, asimkumbuke Mungu hata mara moja, amefanya kazi, na pengine amefanya kazi njema. Lakini nani aliyeitoa kazi hiyo, na lini? Magunia yake bado yako ghalani.

Basi jibu letu kwa swali la leo ni hili: kazi huweza kuwa sala kwa mtu anayesali. Kwa mtu asiyesali kamwe, kazi hubaki kazi.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Watu wa Iringa wanaijua misioni ya Tosamaganga, karibu na Kalenga iliyokuwa makao ya Mtwa Mkwawa. Waliopanda mbegu ya Injili huko Uhehe mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa Wamisionari Wabenediktini, kabla ya Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia kuipokea kazi hiyo mwaka 1919. Wabenediktini wanajulikana ulimwenguni kote kwa maneno mawili: Sala na Kazi. Tazameni vizuri jinsi maneno hayo yalivyofungamana. Hayasemi "Kazi ni Sala." Yanasema sala, tena kazi, mambo mawili, kila moja na saa yake, nayo yashikana mikono kama ndugu wawili njiani. Mmoja akibaki nyuma, mwingine atapotea.

Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa wake kanuni katika karne ya 6, hakuwa mtu wa kudharau kazi. Aliandika kwamba uvivu ni adui wa roho, akawapangia watawa saa za kufanya kazi kwa mikono yao. Lakini aliagiza pia kwamba ishara ya sala ikisikika, mtawa akiache mara moja kile alicho nacho mkononi na kuharakisha kwenda kusali. Akajua kwamba wengine watakuwa mbali shambani, na wengine safarini. Je, aliwaambia kwamba kazi yao yatosha? La. Waliokuwa mbali aliwaamuru wapige magoti papo hapo walipo; na walio safarini wasiziache saa za sala zipite bure, bali wazitimize kadiri wawezavyo. Hekima hiyo yamfaa dereva wa lori pale Tunduma, aliye katika foleni ya magari akingoja zamu yake ya kuvuka mpaka. Yamfaa pia msafiri wa TAZARA, ambaye kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ana kilometa 1,860 za kukaa kitini. Mtu huyo asiseme hana nafasi. Nafasi anayo tele. Alichokosa ni desturi.

Wengine watasema, "Hao walikuwa watawa, sisi tuna watoto, tuna karo, tuna madeni." Vema, tuwaache watawa, tumtazame Bwana mwenyewe. Mwinjili Marko atusimulia habari za siku moja ya Yesu huko Kafarnaumu. Alifundisha katika sinagogi, akamfukuza pepo, akamponya mkwewe Petro. Na jua lilipokwisha kutua, wakamletea wagonjwa wote, hata mji mzima ukakusanyika mlangoni. Nani kati yetu amekwisha kuona kazi kama hiyo? Mama wa Mwanjelwa hungojewa na wateja kadhaa. Yeye alingojewa na mji mzima. Basi baada ya usiku huo, ambao kwa hakika ulikuwa mfupi, alifanya nini? Aliamka mapema sana, giza lingalipo, akaenda mahali pasipo watu, akasali. Petro na wenzake wakamtafuta, na walipomwona wakamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Maneno yale yale tuyasikiayo sisi kila siku katika simu zetu: unatafutwa, unatafutwa!

Kama Mwana wa Mungu, ambaye kazi yake yote ilikuwa takatifu, hakusema "kazi yangu ndiyo sala yangu," sisi twapata wapi ujasiri wa kusema hivyo?

Na kama mtu ataka mfano wa karibu zaidi, amkumbuke Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Waliomjua wanashuhudia kwamba alizoea kuhudhuria Misa Takatifu kila siku kila alipoweza, hata alipokuwa na mzigo wa kuongoza taifa zima. Mwaka 2005 Kanisa lilianza kuuchunguza mwenendo wake, naye aitwa Mtumishi wa Mungu. Hatusemi hapa juu ya siasa yake. Kila mmoja ana maoni yake. Twasema tu kwamba Rais wa nchi alipata nafasi. Ofisi zetu, maduka yetu na mashamba yetu hayawezi kuwa mazito kuliko Ikulu.

Hata hivyo, twataka kuwa wenye haki. Si wote wasemao "sina nafasi" walio sawa, na si vema kuwapiga wote kwa fimbo moja. Wako watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule asiyeweza kweli. Muuguzi aliye zamu Dominika asubuhi hawezi kumwacha mgonjwa akitokwa na damu ili aende Misa. Mama mwenye mtoto mchanga mgonjwa hawezi kumwacha peke yake. Mtu wa namna hii asitiwe hofu. Kanisa lenyewe linafundisha kwamba sababu nzito, kama vile kumtunza mtoto mchanga, ni sababu halali ya kukosa Misa. Hata mwenye kuzuiwa Dominika huenda akaweza jioni ya Jumamosi, maana sheria ya Kanisa inakubali Misa ya jioni ya siku inayotangulia. Na penye kigango kisicho na padri, ibada iongozwayo na katekista ni hazina isiyofaa kudharauliwa.

Wa pili ni yule adhaniye kwamba hawezi. Huyu ndiye aliye mwingi miongoni mwetu. Hajakataa kusali; ameahirisha tu. Husema, "Nikimaliza mavuno." Mavuno yakiisha husema, "Nikimaliza kuuza." Akimaliza kuuza husema, "Nikimaliza nyumba." Hata mwisho wenzake ndio wamalizao kumchimbia kaburi. Mtu huyu angoja nafasi kama angojaye mto ukauke ndipo avuke. Nafasi haimjii mtu kwa kungojwa. Nafasi hutengwa, kama vile mkulima atengavyo mbegu kabla ya kula, wala hangoji kuona kitakachosalia baada ya kushiba.

Wa tatu ni yule asiyetaka. Huyu hana haja ya kuhesabiwa saa, maana saa anazo. Anayo saa ya kilabuni, saa ya mpira, na saa mbili kitandani za kupitisha kidole juu ya simu yake kabla ya kulala. Hatusemi kwamba mpira ni dhambi, wala kwamba simu ni dhambi. Twasema kwamba mtu aliye na saa mbili za simu na hana dakika mbili za Mungu, asitumie neno "nafasi." Atumie neno lililo la kweli, aseme "sipendi," ndipo atakapoweza kuanza kutubu. Ugonjwa ulioitwa kwa jina lake huweza kupata dawa.

Na je, Mungu hudai kiasi gani? Tufanye hesabu. Juma lina saa 168. Misa ya Dominika, tena yenye nyimbo na mahubiri, huchukua saa moja na nusu au mbili. Dakika 10 za sala kila siku, kwa mwaka mzima, ni dakika 3,650, yaani pungufu ya saa 61, kama siku mbili na nusu hivi. Katika mwaka wa siku 365, nani hawezi kumrudishia Mungu siku mbili na nusu, naye ndiye aliyempa zote?

Lakini hapa pana jambo linalotaka kuangaliwa. Siku mbili na nusu zikitolewa kwa mkupuo, kwa mfano katika hija au mafungo, ni njema. Walakini haziwezi kushika mahali pa zile dakika kumi za kila siku. Watu wa Iringa wataelewa upesi tukitaja ulanzi, ingawa hatumsifu mtu alewaye. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akafunga chombo chake, maji yakaanza kudondoka. Je, hukata mara moja, akaenda zake hadi mwisho wa msimu? La, hasha. Hurudi asubuhi, hurudi jioni, na kila arudipo hukata tena kidogo tu, kipande chembamba. Asiporudi, kidonda cha mwanzi hukauka, maji yakakoma, hata kama mwanzi wenyewe umejaa maji. Moyo wa binadamu ni kama mwanzi huo. Neema ya Mungu imo, nayo ni tele. Lakini pasipo kukatwa kidogo asubuhi na jioni, hukauka juu, tukaanza kulalamika kwamba Mungu yuko mbali nasi. Inashangaza kuona mtu ambaye hajakosa kwenda kwenye mianzi yake asubuhi hata moja, akisema hajui jinsi ya kupata nafasi ya sala ya asubuhi!

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote tuliyosema, nalo twawaomba wasomaji wetu, hasa baba na mama wa nyumba zenye uwezo kidogo, walisome polepole. Amri ya Mungu juu ya siku ya mapumziko, kama ilivyoandikwa katika vitabu vya Musa, haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mwanawe, binti yake, mtumwa wake, mjakazi wake, hata ng'ombe wake na mgeni aliye malangoni mwake. Kwa nini? Kwa sababu Mungu ajua hila yetu. Mtu aweza kujipatia nafasi ya kusali kwa kumnyang'anya mwenzake nafasi hiyo.

Basi tujiulize. Dominika tunapokwenda kanisani tumevaa nguo zilizopigwa pasi, ni nani aliyezipiga pasi, na yeye atakwenda Misa ya saa ngapi? Tunaporudi na kukuta chakula mezani, yule msichana aliyeletwa kutoka kijijini kutusaidia kazi, ni lini mara ya mwisho alipokomunika? Kijana anayetuuzia dukani, tumempa ruhusa ya Dominika, au tumemwambia kwamba biashara haijui siku? Na kibarua wa shambani? Wazazi wa watoto hao walitukabidhi si mikono yao tu, bali na roho zao. Tukimnyima mtumishi saa yake ya Mungu, hiyo yetu tuliyokwenda nayo kanisani tutaipelekaje altareni? Ni mali ya wizi. Afadhali kula chakula kilichopoa, au mama na binti zake wapike wenyewe, kuliko kumpokea Bwana kwa jasho la mtu aliyezuiwa kumpokea.

Kadhalika haifai tuseme haya kwa walei peke yao. Sisi tunaofanya kazi katika Kanisa nasi tujitazame. Je, saa za Misa katika parokia zetu zimepangwa kwa kumfikiria mama wa sokoni na mlinzi wa usiku, au kwa kutufikiria sisi? Je, matangazo na michango baada ya Komunyo hayajawa marefu kupita mahubiri? Mwenye kumlaumu mtu kwa kukosa nafasi, asiwe yeye mwenyewe anayeipoteza nafasi ya watu. Tena Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya uchungaji katika miaka ya 1970, ziliwekwa ili sala iwafikie watu pale wanapoishi. Tuzitunze zisigeuke kuwa vikao vya kudai madeni.

Wazee wetu walikuwa na kazi kama sisi, tena kwa jembe la mkono na pasipo lori. Wengi husimulia jinsi walivyoondoka nyumbani kwao Jumamosi, wakatembea kwa miguu, wakalala njiani ili Dominika wawe misioni. Kwa nyayo zao majimbo ya Iringa na Mbeya yakawa majimbo kamili mwaka 1953, na mwaka 2018 Mbeya ikainuliwa kuwa Jimbo Kuu. Hawakuwa na nafasi zaidi yetu. Walimpa Mungu mahali pa kwanza, na mengine yakatafuta mahali pake.

Tumalizie kwa shauri dogo, maana mashauri makubwa husifiwa, nayo hayatendwi. Kesho asubuhi, kabla ya kushika simu, fanya ishara ya msalaba, umtolee Mungu kazi ya siku hiyo kwa maneno machache. Jua likifika utosini, au kengele ya kanisa ikisikika, simama kidogo, usali Malaika wa Bwana, hata kama mikono imeshika majani ya chai. Jioni, kabla watoto hawajasinzia, iteni nyumba nzima, pamoja na huyo msichana wa jikoni, mpige magoti pamoja, hata kama ni kwa fungu moja tu la Rozari. Watoto wataona baba yao, mtu wa kazi nyingi, anayeogopwa na kuheshimiwa mtaani, amepiga magoti mbele ya Mmoja aliye mkubwa kuliko yeye. Fundisho hilo hata mwalimu aliye hodari hawezi kuwapa darasani. Na siku baba huyo atakapokuwa amelazwa asiweze tena kufanya kazi yoyote, hao watajua la kufanya kando ya kitanda chake.

Maana siku hiyo yaja kwa kila mmoja wetu, siku ambayo jembe litaegemezwa ukutani na duka litafungwa. Kazi itakuwa imekwisha. Heri mtu yule ambaye, kazi ikimwishia, sala itakuwa bado imo kinywani mwake.